Mvua ya mawe na paa la nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuezeka, zaidi Kericho na Bomet. Kila mvua ya mawe inapopita, simu ni zile zile: "Fundi, bati limebonyea, nifanyeje?" Nimeyakusanya hapa maswali hayo, ya kawaida kwanza, yale ya ugomvi baadaye. Swali lililojibiwa mahali pengine nimelielekeza huko, sirudii.

## Mambo ya msingi

Kwa nini mvua ya mawe inatuandama sisi wa milimani, na wa Mombasa na Dar hawaijui?

Mawe hayo hutengenezwa ndani ya wingu refu la radi. Upepo unaopanda hubeba matone hadi juu kwenye baridi kali, yanaganda, yanaongezewa maji na kuganda tena, mpaka uzito unamshinda mbebaji. Huku karibu na ikweta, hewa hufika nyuzi sifuri kwenye kimo cha takriban mita 4,500 hadi 5,000. Kutoka huko hadi Mombasa ni safari ndefu kwenye joto, na jiwe huishia njiani likiwa tone la kawaida. Kericho iko mita 2,000 na ushei, kwa hiyo jiwe linafika bado jiwe. Ndivyo ilivyo Nandi, Nyandarua, Limuru, Mufindi, Njombe na Mbeya.

Kericho na Nandi zina jambo la ziada: unyevu wa Ziwa Victoria husukumwa kwenye miinuko yetu mchana, na alasiri mawingu yanapasuka. Eneo hili ni miongoni mwa yanayopigwa mara nyingi zaidi duniani.

Lakini usijidanganye kwamba ukiwa chini uko salama. Machi 2015, kijiji cha Mwakata, Kahama, mkoani Shinyanga, mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40. Nyumba za udongo ziliporomoka usiku watu wakiwa ndani.

Ni kweli majani chai ndiyo yanavuta mawe?

Hili naulizwa na wazee zaidi, na si porojo tupu. Mwaka 1982 jarida la Tellus lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabaki ya majani ya chai ya Kenya hutoa chembe zinazosaidia maji kuganda. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, wenye mashamba ya chai walishajaribu kuyapiga mawingu kwa roketi. Mawe bado yanaanguka. Kwa paa lako haibadilishi kitu.

Jiwe la ukubwa gani ndilo la kuogopa?

Jiwe likiongezeka upana mara mbili, uzito wake unakuwa mara nane, na linaanguka kwa kasi zaidi pia. Ukijumlisha, kishindo kinakuwa kama mara kumi na sita. Ndiyo maana mawe ya punje ya mahindi yanapiga kelele saa nzima bila kuacha alama kwenye bati, halafu dakika tano za mawe ya ukubwa wa ndimu zinakuachia hasara.

Kwa nilichoona: punje ya mahindi humaliza sukumawiki na maua, bati haliguswi. Gololi huacha vibonyeo kwenye bati jembamba la zamani. Ndimu hutoboa bati la plastiki la kuingiza mwanga, hupasua vigae, na kuacha mabakuli kwenye geji 30. Upepo ukiongezeka, hesabu madhara ya kiwango kimoja juu.

Geji ni nini, na kwa nini mafundi hawaachi kuitaja?

Geji ni unene wa bati, na hesabu yake iko kinyume: namba ndogo, bati nene. Geji 28 huwa kama milimita 0.4, geji 30 kama 0.3, na geji 32 ni jembamba zaidi ya hapo. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita unaiona ndogo mpaka mawe yaanguke.

Niliwahi kununua mabati dukani yenye mhuri wa geji 30. Mteja alilalamika baada ya mvua moja tu, nikachukua maikromita nikapima: lilikuwa jembamba kuliko geji 32 niliyokuwa nayo nyumbani. Muuzaji akaniambia "hiyo ni rangi imekudanganya", kama vile rangi hupunguza unene. Tangu hapo napima kabla ya kupakia kwenye gari. Maikromita si ghali ukilinganisha na kurudia paa zima. Wewe usiye nayo, mwambie fundi wako aje na yake mpime pamoja mbele ya muuzaji.

## Kukagua

Mvua imeisha sasa hivi. Nianzie wapi?

Chini. Usipande. Bati lenye barafu linateleza kama sabuni, na hakuna paa lenye thamani ya mguu.

Anza kwa kupiga picha, kabla ya kufagia na kabla ya kuyeyuka. Weka mawe mawili matatu kiganjani au kando ya sarafu ili ukubwa uonekane, kisha mengine yafungie kwenye mfuko wa plastiki uyatie kwenye friza. Halafu piga picha vitu vyote laini vilivyokuwa nje: gata, boneti ya gari, mfuniko wa tanki, sufuria, migomba iliyochanika. Mama mmoja karibu na Litein alinitolea sufuria kubwa ya alumini aliyokuwa ameianika imeinamishwa. Kitako chake kilikuwa na vibonyeo kumi na viwili, nilivihesabu, vyote vya duara na vinalingana. Paa lake sikuwa nimelitazama bado, lakini nilishajua nitakachokikuta.

Baada ya hapo ingia ndani mchana, funga madirisha, zima taa, panda darini utazame juu. Tundu huonekana kama nyota. Ziwekee alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu, kwa sababu ukitoka nje kwenye mwanga hutaziona tena.

Nitajuaje kwamba ni mawe ya mvua, si kitu kingine?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, mafundi wakiwemo. Mambo ninayoyatazama ni haya.

Mpangilio. Mawe hayachagui, kwa hiyo vibonyeo hutawanyika ovyo, bila mstari. Ukiona vibonyeo vimejipanga kama hatua, hizo ni hatua kweli: fundi wa antena au wa sola alikanyaga kati ya papi (mbao ambazo bati hupigiliwa) badala ya kukanyaga juu ya msumari. Ukiona kibonyeo kimoja kikubwa chini ya mparachichi, ni parachichi. Mikwaruzo mirefu ni matawi, au nyani.

Upande. Mawe huja na upepo, kwa hiyo mteremko mmoja hupigwa zaidi ya mwingine. Paa lililopigwa sawasawa pande zote linawezekana, mawe yakianguka wima, lakini nikiliona nauliza maswali zaidi.

Usafi wa alama. Bati la miaka lina vumbi na ukungu. Jiwe likigonga hufuta uchafu na kuacha doa safi la duara. Madoa hayo hupotea baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kuyaona ni ushahidi kwamba mvua ni ya juzi. Kwa upande mwingine, kibonyeo chenye kutu ndani si cha jana, hata mwenyewe akiapa.

Majirani. Kama paa la jirani wa kushoto na wa kulia yamepona na ni mabati ya geji ile ile, tafuta sababu nyingine.

Vibonyeo vya chaki ni nini? Fundi alipaka chaki juu ya bati langu.

Alifanya vizuri. Chukua chaki ya shule, ilaze ubavu, ipitishe juu ya bati kwa wepesi. Chaki hukamata sehemu zilizoinuka na kuruka mashimo, na bati lililoonekana zima linakuwa kama ngozi ya chui. Fanya hivyo kwenye kofia ya paa na kwenye mabati mawili ya kila mteremko, kisha piga picha. Mvua inayofuata itaifuta.

Usitumie penseli. Risasi ya penseli kwenye bati la aluzinki (lenye ukoko wa alumini na zinki) huanzisha kutu, na miezi baadaye utausoma mchoro wako kwa rangi ya kahawia.

Bila chaki, panda ngazi hadi usawa wa gata saa kumi na mbili na nusu asubuhi au jioni jua likielekea kuzama, utazame paa kwa ubavu. Kivuli kitakuonyesha. Saa sita mchana huoni kitu.

Bati limebonyea lakini halivuji. Ni uharibifu au ni sura tu?

Mara nyingi ni sura tu, na nitakwambia hivyo hata kama nimekuja na wasaidizi wawili wanaongoja kazi. Kibonyeo cha mviringo, chenye rangi nzima, katikati ya bati, hakipunguzi uwezo wa paa kuzuia maji.

Mambo manne yanabadilisha jibu langu. La kwanza ni rangi au tabaka la juu kupasuka. Bati la kawaida linalindwa na zinki; aluzinki ina alumini asilimia 55, inayobaki karibu yote ni zinki na silikoni kidogo. Ule ukoko ukipasuka kwenye mkunjo mkali, chuma kimebaki uchi, na kwenye mvua kama yetu hakichukui muda mrefu. Pitisha ukucha juu ya kibonyeo: ukihisi mstari, kipake rangi ya kuzuia kutu.

La pili ni kibonyeo kilichoangukia kwenye maungio, pale bati moja linapolalia lingine. Ukingo ukifunguka milimita chache, upepo unasukuma maji ndani. La tatu ni misumari, nimeieleza kwenye swali linalofuata. La nne ni kibonyeo kipana kwenye paa lenye mteremko mdogo, ambako maji husimama badala ya kutiririka. Kwenye mteremko mkali, hilo la nne lisahau.

Mbona paa langu limeanza kuvuja wiki tatu baada ya mawe?

Kwa sababu uliangalia vibonyeo, na tatizo liko kwenye misumari. Bati linapopigwa mfululizo linatetemeka kama ngoma, na msumari ulioshika kwenye mbao iliyochoka hupanda kidogo. Raba yake nayo, kama imeshakaushwa na jua miaka kumi, inapasuka. Hakuna tundu la kuona kama nyota; maji yanafuata mwili wa msumari, yanashuka kwenye papi, yanatembea juu ya mbao mita mbili, kisha yanatokea darini mahali pasipohusika kabisa.

Kagua kwa kushika kichwa cha msumari na kukizungusha kwa vidole. Kikizunguka, badilisha. Usiurudishe ule ule kwa nyundo kwenye tundu lile lile. Weka skrubu nene kidogo yenye raba mpya.

Sababu ya pili ni gata na mabonde ya paa, pale miteremko miwili inapokutana. Barafu na majani yaliyokatwa huziba hapo, na mvua ya kawaida inayofuata inakosa pa kupita, inarudi nyuma chini ya bati. Nimeitwa mara nyingi "kubadilisha paa" nikaishia kutoa ndoo mbili za majani kwa mkono.

## Paa si bati tupu

Nina vigae. Natafuta nini?

Nyufa na vipande vilivyomeguka, hasa kwenye ncha za chini na pembeni, ambako kigae hakijaegemea kitu. Mmeguko mpya una rangi angavu ndani, wa zamani una kuvu na weusi. Ufa mwembamba hauonekani ukiwa mkavu: mwagia maji, acha paa likauke, ufa hubaki mstari mweusi kwa dakika chache zaidi. Kigae kilichopasuka hubadilishwa, hakigundiwi.

Mabati ya changarawe yamemwaga changarawe kwenye gata. Yamekufa?

Mapya humwaga kidogo mwaka wa kwanza bila mawe yoyote, ni ile ya ziada ya kiwandani. Wasiwasi uanze ukiona vidoa vya duara vilivyo uchi juu ya bati lenyewe. Chini ya changarawe kuna bati la aluzinki, kwa hiyo halivuji leo, ila ziba doa kwa gundi na changarawe ya mtengenezaji yule yule.

Bati la plastiki la kuingiza mwanga limetoboka, mengine yote yapo sawa. Kawaida?

Kawaida kabisa. Jua huifanya plastiki iwe kavu kama kaukau, na baada ya miaka michache ndilo la kwanza kuondoka. Badilisha zima. Na kamwe, kwa sababu yoyote, usilikanyage.

Paa ni la asbestosi.

Usitoboe, usikate, usifagie vipande vikiwa vikavu. Vumbi lake linaharibu mapafu. Loweka vipande kwa maji, waondoe watoto, kisha piga simu kwa mamlaka ya mazingira, NEMA Kenya au NEMC Tanzania, wakuelekeze kwa wenye kibali cha kuyaondoa. Hii kazi mimi huikataa.

Na paneli za sola?

Paneli iliyopita jaribio la kimataifa la IEC 61215 imepigwa kwa tufe la barafu la milimita 25 kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde. Mawe makubwa kuliko hayo hayajaahidiwa kitu. Kioo kikipasuka, zima mfumo na usiguse kwa mkono mtupu. Paneli inazalisha umeme hata ikiwa imevunjika, jua likiwepo.

## Kutengeneza

Naweza kuziba tundu mwenyewe kwa silikoni?

Kwa tundu dogo, ndiyo, lakini nusa kwanza. Silikoni yenye harufu kali ya siki ni ya vioo. Asidi yake inakula zinki, na utakuwa umeziba tundu na kuanzisha lingine. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi na inafaa kwa metali. Safisha, kausha, ziba. Tundu linalopita kidole gumba linataka kiraka cha bati la aina ile ile, kilazwe kikiingia chini ya maungio ya juu, au libadilishwe bati zima.

Tena: bati likatwe kwa mkasi wa bati, si kwa grenda. Cheche za grenda huchoma ukoko, na unga wa chuma unaobaki juu ya paa hugeuka madoa ya kutu ndani ya siku chache. Watu huniita wakidhani ni mawe.

Vibonyeo vinaweza kunyooshwa?

Vya gari, ndiyo. Vya bati, mwache anayekuahidi hivyo aondoke na ngazi yake. Kugonga kutoka chini kunapasua rangi, na utageuza sura mbaya kuwa tatizo la kweli.

Nikiezeka upya, nichague nini?

Hapa milimani: geji 28 kama mfuko unaruhusu, mteremko mkali, papi zilizokaribiana, skrubu badala ya misumari. Kati ya msauzi na migongo mipana sibishani, unene unashinda umbo. Papi zikikaribiana bati haliyumbi sana na skrubu zinakaa.

## Bima na pesa

Bima ya nyumba inalipa?

Bima nyingi za nyumba hutaja dhoruba, lakini soma maneno yenyewe, usimsikilize aliyekuuzia. Tazama vitu vitatu: siku unazopewa kutoa taarifa, kiasi unachobeba mwenyewe kabla wao hawajalipa, na kama uchakavu unakatwa. Paa la miaka kumi na tano huenda likalipwa kama la miaka kumi na tano.

Toa taarifa kwa maandishi kabla ya kutengeneza. Turubai la kuzuia maji unaweza kulifunga mara moja, ila hifadhi risiti, na usitupe mabati yaliyong'olewa kabla mkadiriaji hajayaona. Wakikuzungusha, wapo wasimamizi wa bima: Kenya kuna IRA na Tanzania kuna TIRA, wote hupokea malalamiko.

Niko Texas, paa si bati, ni yale magamba ya lami. Haya yananihusu?

Kukagua, ndiyo: mpangilio, upande, vitu laini. Alama ni tofauti. Tafuta doa jeusi ambapo chembe za mawe zimebanduka, kisha bonyeza: kama panabonyea kama tunda lililoumia, nyuzi za ndani zimevunjika. Ukiezeka upya, uliza ya daraja la 4 la UL 2218 (kipimo cha Marekani cha paa kuhimili kupigwa), ambalo hujaribiwa kwa tufe la chuma la inchi 2 likiangushwa kutoka futi 20.

Kiasi cha kubeba mwenyewe huko mara nyingi ni asilimia ya thamani ya nyumba. Asilimia 2 ya dola 300,000 ni dola 6,000, wengi hushtuka. Na akija mkandarasi mlangoni siku ya pili akisema "hiyo hela nitakusamehe", ujue sheria ya Texas inamkataza tangu Septemba 2019. Pia tazama kama bima yako imeondoa madhara ya sura tu. Rudi kwenye swali la bati lililobonyea bila kuvuja uone tofauti yake.

## Ya pembeni

Barafu imejaa juu ya paa kama theluji. Niishushe?

Tabaka la sentimita 10 lina zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Kenchi nzima hubeba, banda la ng'ombe lililopigiliwa kwa mbao za mabaki huenda lisibebe: watoe ng'ombe kwanza. Simama chini pembeni, tumia mti mrefu kufungua mdomo wa gata, maji yapate njia. Maji ya moto usimwage.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba anasema ni kazi ya Mungu, nijitengenezee.

Soma mkataba, kwani paa kwa kawaida ni la mwenye nyumba. Mpelekee picha kwa simu siku hiyo hiyo, zenye tarehe. Akikubali utengeneze ukate kwenye kodi, apate kuandika, hata kwa ujumbe mfupi, kabla hujamlipa fundi. Mimi binafsi nimeshadaiwa na pande zote mbili kwa paa moja, mpangaji akisema analipa mwenye nyumba na mwenye nyumba akisema hanijui, na siku hizi sipandi ngazi mpaka nijue nani anatoa hela.